Nyimbo za Bukavu yetu: mazoezi ya Jumamosi

Jambo wapendwa wote, wamama, wababa na vijana.

Aksanti kwa sauti mulizotuma, za nyimbo juu ya muji wetu wa Bukavu. Nimezisikiliza zote, zingine mara mbili. Nyingi zinasema "inchi yetu nzuri, milima na maziwa". Ni kweli, lakini hata mtu wa mbali anaweza kuimba vile. Mimi natamani mwenye kusikia ajue ni Bukavu tu.

Mama mmoja alituma ubeti juu ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji usiku, na wanaume wanaimba ili kasia ziende pamoja. Nilisimamisha kazi yangu nikasikiliza. Wimbo wa namna ile una mwendo wake tayari, ngoma inafuata tu.

Basi kila mutu aandike mistari mine juu ya kitu alichoona kwa macho yake. Mto Ruzizi unavyotoka ziwani. Mlima Kahuzi asubuhi, kabla ukungu haujatoka. Kisiwa cha Idjwi kwa mbali. Njia ya kule Kadutu, mjini kwetu, baada ya mvua, ndiyo, hata matope yake ni yetu.

Lugha zetu, Kimashi, Kilega, Kihavu, zote zinakaribishwa. Kiitikio kitabaki Kiswahili ili tuimbe wote. Na tafadhali, tusitaje vyama wala viongozi.

Jumamosi, saa nane, pa siku zote. Mwenye ngoma ndogo aje nayo. Mama wa wavuvi, wewe utaanza.