Kwa nini msingi wa mnara wa redio unakula mifuko 14 ya saruji

Kila tukipeleka makadirio kwa mteja anayetaka mnara wa antena nyumbani, swali ni lilelile: mnara wenyewe ni mabomba matatu yaliyochomelewa vyuma vya kati, watu wanne wanaubeba begani, sasa mifuko yote hiyo ya saruji ni ya nini? Wengine wanatuambia nyumba yao ya vyumba vitatu haikuchimbiwa shimo la namna hiyo. Ni kweli. Lakini nyumba hailali chali upepo ukivuma.

Uzito wa mnara si tatizo. Msingi wa nyumba kazi yake ni kubeba kinachokandamiza kutoka juu. Msingi wa mnara kazi yake ni kukataa kung'oka. Ukitaka kung'oa muhogo huukandamizi, unashika shina juu na kulitikisa huku na huku mpaka udongo uachie, na ndivyo upepo unavyoufanyia mnara wako, mchana na usiku.

Tuchukue mfano wa mnara wa mita 12 usio na waya za kuushikilia, wenye antena ya yagi ya masafa ya 14 MHz, ile ambayo vijiti vyake vina urefu wa karibu mita 10. Upepo wa mita 35 kwa sekunde, yaani kilomita 126 kwa saa, unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 75 kwa kila mita moja ya mraba. Ukijumlisha antena na vyuma vya mnara unapata msukumo wa kama kilo 180, na robo yake iko kileleni, mahali penye nguvu zaidi ya kuangusha. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne, kwa hiyo usipime kwa upepo wa kawaida wa jioni.

Kinachozuia mnara huo usianguke ni bonge la zege lenye mita 1.2 kila upande. Bonge hilo lina ujazo wa mita za ujazo 1.73 na uzito wa tani 4 na ushee. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu na kokoto tatu, kila mita ya ujazo inameza mifuko kama minane ya kilo 50. Mifuko 14 inatoka hapo. Nguvu ya bonge kukataa kupinduka inakuwa karibu mara 1.8 ya ile ya upepo kupindua, nasi hatupendi kushuka chini ya hapo.

Hesabu hiyo ni ya ardhi kavu. Maeneo kama Mikocheni, Dar es Salaam, ambako maji ya ardhini yako juu, mambo yanabadilika. Zege likizama majini linapoteza tani moja ya uzito kwa kila mita ya ujazo. Bonge letu la tani 4 linabaki na tani 2.4 hivi, na ile akiba yote ya usalama imeisha: upepo na msingi wanatoshana nguvu. Kuchimba kwenda chini zaidi hapo ni kufuata maji. Tunapanua. Msingi wa mita 1.5 kwa 1.5 wenye kina cha mita 1, hata ukiwa umezama wote, unashikilia karibu sawa na ule wa kwanza ukiwa mkavu. Gharama yake ni mifuko 18. Mteja akituambia jirani yake Mbezi amejengewa kwa 14, tunamwomba kwanza atuonyeshe kisima chake mwenyewe, tuone maji yako kina gani.

Udongo mweusi wa mbuga nao una adabu zake, kwa sababu unavimba masika na kupasuka kiangazi. Huko hatumwagi zege kabla ya kuvuka tabaka hilo, au kulitoa na kujaza kifusi kizuri kilichoshindiliwa.

Kwenye vifaa, tunagombana zaidi na wateja juu ya mchanga na maji. Mchanga wa ufukweni ni wa bei rahisi na uko karibu, lakini una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani kwa ndani. Visima vingi vya Dar navyo vina maji ya chumvi. Yaonje tu: ukisikia chumvi ulimini, nunua maji ya boza. Kiasi chake kisizidi lita 25 kwa mfuko, pamoja na unyevu uliomo kwenye mchanga. Vibarua wanapenda zege jepesi kama uji kwa sababu linateremka lenyewe, lakini maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vitundu.

Nondo za mm 12 zinafumwa kitanda cha chini na cha juu, zikae juu ya biskuti za zege ili zisiguse udongo. Tunaacha sentimita 7.5 kila upande. Tofali bovu si biskuti.

Sehemu isiyosameheka ni bolti. Zege likishakauka, bolti iliyokaa pembeni kwa sentimita moja hairudi, na mguu wa mnara haukai. Kwa hiyo bolti zote zinafungwa kwenye fremu ya chuma yenye matundu yaleyale ya sahani za miguu, fremu inapigiliwa kwenye mbao za shimo, kisha fundi anapita na futi: upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote ziwe sawa. Anaweka pimamaji. Nyuzi za bolti zinapakwa grisi na kuzungushiwa nailoni. Halafu, hili wengi wanalisahau, anapima tena zege likiwa nusu ya shimo, kwa sababu mtetemo wa vaibreta, mashine ya kushindilia zege, unasogeza fremu bila mtu kuona.

Zege lote linamwagwa siku moja bila kukatisha. Juu tunalipandisha sentimita 15 kutoka ardhini na kulipa mteremko, maji yasituame kwenye miguu. Waya wa ethi, wa kupeleka umeme wa radi ardhini, unachimbiwa siku hiyohiyo, hasa ukiwa kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia.

Baadaye ni kumwagilia, asubuhi na jioni, siku saba, magunia yakiwa juu. Mnara hatuusimamishi kabla ya siku 14, na antena haipandi kabla ya 28. Muda huo utumie kufuatilia leseni yako ya redio ya ridhaa (ile ya kuwasiliana kwa kujifurahisha, si ya biashara) kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ukiwa jirani na uwanja wa ndege, ulizia na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu urefu wa mnara.

Ukitaka makadirio, tutumie picha ya eneo, urefu unaoutaka, aina ya antena, na kina cha maji ya kisima chako au cha jirani. Tuambie pia umbali kutoka hapo mpaka nyaya za TANESCO. Umbali huo ukiwa mfupi kuliko mnara, tutatafuta kona nyingine ya kiwanja.