Konokono wadogo nao wahesabiwe kabla ya kuchimba chokaa

Mhariri,

Chimbo la chokaa linapoombewa kibali karibu na msitu wa pwani, wanaohesabiwa ni miti, ndege na nyani. Konokono wakitajwa, ni yule mkubwa anayeharibu mboga. Tunaomba watathmini wawatafute na wale wadogo, hasa jamii ya Streptaxidae.

Hawa hawagusi mazao. Ni wawindaji wa konokono wenzao na minyoo. Jenasi ya Gulella peke yake ina mamia ya spishi barani Afrika, wengi wao hawafiki sentimita moja: gamba jeupe mfano wa pipa, mwili wa manjano au mwekundu. Mdomo wa gamba una meno, na spishi hutambulika kwa idadi ya meno hayo na mahali yalipoota. Bila lenzi ya kukuza mara 10 huyaoni. Mtoto ambaye mdomo haujakomaa asipewe jina.

Makazi yao ni majani yanayooza, chini ya magogo na mianya ya mawe. Jiwe la chokaa huwapa kalsiamu ya kujengea gamba, hivyo hujaa palepale mchimbaji anapopataka. Juani hukauka upesi, kwa hiyo shamba la wazi hawalivuki. Wapo wanaojulikana kutoka safu moja tu ya milima, kama Usambara au Uluguru. Msitu huo ukiisha, nao wameisha duniani.

Kazi ifanywe msimu wa mvua, kwani kiangazi hujichimbia chini na utadhani hawapo. Kutafuta kwa macho hakutoshi, maana wa milimita mbili hawaonekani. Zoeni lita 4 za majani na udongo wa juu kila kituo, mkaushe kivulini ndani ya mfuko wa kitambaa. Yakiwa mabichi huziba chekeche. Pitisheni kwenye tundu za milimita 10, kisha 0.5, na kinachobaki kikaguliwe kidogo kidogo kwenye sahani nyeusi.

Aliye hai azamishwe usiku kucha kwenye chupa iliyojaa maji pomoni, ndipo ahamishiwe kwenye spiriti ya asilimia 80. Akitiwa moja kwa moja hujikunja ndani, na viungo vyake havichunguziki tena. Formalini msiitumie, asidi yake hula gamba.

Magamba matupu yaandikwe safu yake, yasichanganywe na walio hai. Vielelezo vyote vipelekwe makumbusho ya taifa pamoja na vipimo vya mahali na tarehe, ili mwingine aweze kuvikagua upya.

Wachunguzi wa konokono wa nchi kavu,
Tanga