Mama mkwe anasema wifi yangu alishaugua, mimi nina shaka

Shangazi, shikamoo.

Mwanangu wa darasa la kwanza ana tetekuwanga. Yeye hanipi wasiwasi sana: nesi kamwona, kampa parasetamo na losheni ya kalamaini ya muwasho, akanikataza kabisa kumpa aspirini. Aliyeshtuka ni mwalimu wake, akidhani ni mpox. Nesi akanionyesha tofauti. Vipele vya tetekuwanga havilingani, kimoja ndiyo kwanza kinatoka, kingine kimejaa maji, kingine kimeshakauka, na vingi viko kifuani na mgongoni. Vya mpox aghalabu huiva pamoja, hutoka hata viganjani na nyayoni, na tezi huvimba.

Kinachoninyima usingizi ni wifi yangu. Ana mimba ya kwanza, ya miezi 8, kaja kujifungulia kwa mama yake, na sote tuko nyumba moja hapa Tanga. Nesi kusikia hivyo akauliza: huyo kashawahi kuugua tetekuwanga? Maana ikimpata mjamzito inaweza kuingia mapafuni, na akiugua karibu na kujifungua, hata kichanga yumo hatarini.

Nikamuuliza mama mkwe. "Alishaugua huyo, hata shule hajaanza, nusura nimzike." Nikamdadisi ilivyoanza. Homa kali, kikohozi, mafua, macho mekundu, kisha siku kadhaa baadaye vipele vikavu vikaanzia usoni vikashuka mwilini. Malengelenge? Hakuna. Shangazi, hiyo si surua? Na surua haimkingi mtu na tetekuwanga, virusi ni vingine kabisa. Mwanangu mwenyewe alichanjwa surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, kadi ninayo, na bado tetekuwanga imempata, kwa sababu chanjo yake haimo katika ratiba ya kliniki zetu.

Nilipojaribu kueleza, mama mkwe akanuna. Kwake vipele ni vipele, ukiugua mara moja basi. Na mwaka jana yeye mwenyewe aliugua mkanda wa jeshi, ambao ni virusi hivihivi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini tangu utotoni vikaamka! Hilo sikuthubutu kulitaja.

Basi mtoto bado anaingia chumbani kwa wifi apendavyo, bibi anamruhusu, na wifi hataki kumpinga mama yake. Kliniki yake ni wiki ijayo, ila nesi anataka aende sasa, asingoje dalili. Anasema mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, na aliyeambukizwa anaweza kukaa hadi siku 21 bila kuonyesha chochote.

Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini. Nikimwomba ampigie mama yake, nitaonekana nimeshtaki. Je, nimchukue wifi kimyakimya nimpeleke kliniki, mama mkwe ajue baadaye? Au nimwombe nesi aje nyumbani aseme yeye, maana neno la mkwe na la nesi hayapokelewi sawa? Naomba unijibu mapema.

Mke wa mwana, Tanga