Gari la familia lipimwe kuanzia kiti cha nyuma

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu sedani kubwa za familia, yale magari ya chini yenye buti lililotengwa nyuma, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi ameeleza vizuri nguvu za injini, ukubwa wa kioo cha dashibodi na idadi ya spika. Mwishoni akatoa hukumu kwa sentensi moja: anayenunua gari lililotumika ananunua matatizo ya mtu mwingine. Mimi ni mwalimu wa hisabati na mama wa watoto wawili, na matatizo hayo nimewahi kuyanunua kwa fedha yangu mwenyewe. Hata hivyo gari ninaloendesha leo ni sedani kubwa iliyotumika, na kama ningeambiwa nichague upya leo ningechagua hiyo hiyo. Naomba nafasi nieleze sababu.

Nyumbani tuko watano. Mume wangu ana mabega mapana. Kijana wetu ana miaka 14 na ana miguu mirefu kuliko ya baba yake. Binti yetu ana miaka minne, bado anafungwa kwenye kiti cha mtoto. Mama yangu mzazi ana miaka 74 na magoti yanayomuuma. Watatu kati yetu hukaa nyuma kila safari, na katika makala nzima kiti cha nyuma hakikutajwa hata mara moja.

Tulipoanza kutafuta, karibu kila mtu alitushauri tununue gari la juu, kwamba sedani zimepitwa na wakati. Tukaenda kulijaribu. Mama alishika mlango, akanyanyua mguu wa kulia, akaushusha. Akajaribu tena, akaushusha. "Mwanangu," akasema, "hili ni la kupanda, mimi nataka la kukalia." Sedani ndogo nayo ilimmeza: kuingia aliingia, lakini kutoka ilibidi nimvute kwa mikono yote miwili, na nilimwona akikunja uso. Kwenye sedani kubwa alikigeuzia kiti mgongo, akakaa taratibu, kisha akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Hakusaidiwa na mtu. Nilitoa futi ya kupimia kwenye mkoba: kutoka ardhini hadi ukingo wa kiti zilikuwa sentimita 52. Namba hiyo nikaiandika kwenye daftari, na tangu siku hiyo kila gari tulilolitazama nililipima hapo kwanza, kabla ya kuuliza lina injini gani.

Daftari hilo lina vipimo vingine ambavyo natamani waandishi wenu wangekuwa navyo. Cha kwanza ni nafasi ya magoti, kiti cha dereva kikiwa kimewekwa pale anapokaa mtu mrefu kuliko wote nyumbani. Wauzaji hukisogeza mbele kabla hujafika, na nyuma panaonekana ukumbi. Mrudishe mumeo pale anapoendeshea, kisha mweke kijana nyuma yake. Cha pili ni nundu ya sakafuni katikati. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hupitisha mhimili chini ya sakafu, kwa hiyo nundu huwa kubwa na wa katikati hana pa kuweka miguu. Linalovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi lina sakafu iliyo karibu sawa. Mtu mmoja mmoja anaweza asione tofauti, lakini familia ya watano inaiona ndani ya nusu saa.

Cha tatu ni zile nanga mbili za chuma za kufungia kiti cha mtoto, zinazoitwa Isofix, zilizofichwa kwenye mkunjo wa kiti. Katika sedani nyingi ziko pembeni tu, katikati hakuna. Kwa hiyo binti yangu lazima akae pembeni, mama akae pembeni ya pili karibu na mlango wake, na kijana mwenye miguu mirefu anaangukia katikati, juu ya nundu. Hesabu hiyo ndiyo iliyotuondolea magari matatu kwenye orodha. Na buti nalo, tusitazame lita peke yake. Sedani inaweza kuwa na buti refu lenye mdomo mwembamba, ambalo kigari cha mtoto hakipiti mpaka ukikunje mara tatu. Nendeni na mzigo wenu wa kweli.

Neno "sedani kubwa" lenyewe linahitaji tahadhari. Nchini Marekani, shirika la mazingira la serikali huiweka sedani katika kundi la magari makubwa ikiwa nafasi ya abiria na ya mizigo, zikijumlishwa, zinafika futi za ujazo 120, yaani takriban lita 3,400. Angalieni hapo: zinajumlishwa. Gari linaweza kuitwa kubwa kwa sababu ya buti lake, huku magoti ya waliokaa nyuma yakigusa kiti cha mbele. Nawaambia wanafunzi wangu kila siku kwamba jumla huficha sehemu zake.

Sasa nije kwenye mpya na iliyotumika. Mwandishi wenu amewaambia wasomaji wanunue mpya, lakini hakuwaambia kwamba sedani kubwa nyingi hazitengenezwi tena. Ford Taurus ilikoma kutengenezwa Marekani mwezi Machi 2019. Chevrolet Impala ya mwisho ilitoka kiwandani Februari 2020. Toyota Avalon, iliyoanza mwaka 1994, ilisimamishwa Marekani mwaka 2022. Chrysler 300 na Nissan Maxima zikafuata mwaka 2023. Anayetaka gari la umbo hili akishikilia mpya tu, amebakiwa na milango michache ya kugonga. Yaliyo mengi ni yale yaliyokwishatembea, na mengine yalitunzwa vizuri sana na watu waliokuwa wakiendea kazini na kurudi.

Najua swali linalofuata: gari lisilotengenezwa tena, spea utapata wapi? Nililiuliza hilo kabla ya kutoa fedha. Jibu la fundi lilinipa utulivu: tazama injini na giaboksi, ujue vimewekwa kwenye magari gani mengine. Injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 3.5 iliyo ndani ya Avalon nyingi ilitumika pia kwenye Camry, gari lililouzwa kwa wingi duniani. Taa na bampa ni habari tofauti, hivyo ni vya jina lile peke yake, na ukigongwa utatafuta. Mimi nimekubali hatari hiyo. Mwingine asikubali, ni haki yake.

Niliahidi kusema kuhusu matatizo ya mtu mwingine. Sedani yetu ya kwanza iling'aa hata ukajiona usoni. Dashibodi ilisoma kilomita 68,000. Muuzaji alizungumza na mume wangu muda wote, ingawa maswali nilikuwa nauliza mimi, na kila nilipoinama kutazama ndani alisema, "Usijali dada, hili ni la mzee mmoja, hakulitoa nje." Niliona kwamba mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinachungulia. Niliona ngozi ya usukani imekuwa laini kama sabuni upande wa kushoto. Niliviona na sikuvijumlisha. Miezi minne baadaye giaboksi ilianza kuchelewa kubadilisha gia, tukaenda kwa fundi wa umeme wa magari. Akachomeka kompyuta yake, akanigeuzia kioo nisome: kompyuta ya giaboksi ilikuwa imehifadhi kilomita 191,000. Mita ya dashibodi ilirudishwa nyuma. Kumbukumbu ya giaboksi haikuguswa. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "gari hili limekuwa likikwambia ukweli kwa pedali."

Sikulala usiku ule. Haikuwa fedha peke yake. Nilikuwa nimewaweka watoto wangu na mama yangu ndani ya uongo wa mtu, kwa mwendo wa barabara kuu.

Kwa hiyo mara ya pili nilikwenda na fundi yule yule, nikamlipa siku nzima. Tulifika asubuhi mapema na tulikuwa tumemwomba mwenye gari asiliwashe, kwa sababu injini iliyokwishapashwa moto huficha mengi. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti kwanza. Likiwa la moto, aliniambia, tunarudi nyumbani. Lilikuwa la baridi. Likawashwa, naye akasimama nyuma kutazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua ndani ya injini, mweupe mzito usiokwisha ni maji ya rejeta yanayoingia pasipotakiwa. Akafungua kifuniko cha oili kutafuta utando wa rangi ya maziwa. Akanionyesha ubavuni mwa matairi tarakimu nne za mwisho za namba ya utengenezaji: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari likidaiwa kutembea kidogo sana, lakini matairi yamebadilishwa mara kadhaa, uliza kwa nini.

Gari la kwanza siku ile tuliliacha kwa sababu ya mkanda wa usalama. Fundi aliuvuta mkanda wa nyuma hadi mwisho kabisa, sehemu ambayo haitoki kila siku, na huko ndani palikuwa na mstari wa rangi ya udongo. Akasogeza kiti, tukaona kutu kwenye reli zake. Gari lile lilikaa ndani ya maji. Nje lilikuwa safi kabisa. Nyaya zilizooza hutoa hitilafu moja baada ya nyingine kwa miaka, na baadhi ya nyaya hizo ndizo zinazoamuru mifuko ya hewa kufunguka wakati wa ajali.

Kuhusu mifuko ya hewa, naomba mlichapishe hili kwa herufi zinazosomeka. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya chapa nyingi. Kilipuzi chake cha amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ajali ikitokea chombo chake huweza kupasuka na kumrushia aliyekaa mbele vipande vya chuma. Watu wamekufa hivyo. Magari hayo yaliitwa yarudishwe yabadilishiwe mifuko bila malipo, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017, lakini gari la zamani linaweza kupita mikono mitano bila mtu kulipeleka. Namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17 ndiyo ya kuulizia kwa mtengenezaji. Hakikisheni pia kwamba iliyoandikwa chini ya kioo cha mbele inalingana na ya kwenye nguzo ya mlango na ya kwenye hati.

Nilijiwekea mpaka mmoja ambao sikuuvuka: gari liwe na mfumo wa umeme unaozuia kuteleza na kupoteza mwelekeo. Marekani iliulazimisha kwa magari yote mapya ya familia kuanzia toleo la mwaka 2012. Sedani kubwa ni nzito, na ikianza kuyumba kwenye utelezi si rahisi kuirudisha kwa mikono.

Tulilolichukua lilikuwa na miaka mitano. Halikung'aa kama lile tulilolinunua kwanza, lina mkwaruzo mlango wa nyuma ambao hata leo haujapakwa rangi. Lakini mwenyewe alitoa bahasha, ndani mna karatasi za sevisi kumi na moja, kila moja na tarehe na kilomita zake. Nikakaa kitako na kuchora grafu. Kilomita zilipanda kwa mwendo ule ule mwaka hadi mwaka, hakuna mahali zilipolala wala kurudi nyuma. Katika karatasi ya saba alikuwa amebadilisha oili ya giaboksi, jambo ambalo wengi hawalifanyi mpaka gari liseme. Hapo nikamwangalia mume wangu, naye akatikisa kichwa kukubali.

Sipingi gari jipya. Dhamana ya kiwandani ni kitu cha thamani, hasa kwa asiye na fundi wa kumwamini, na magari mapya mengi yana breki zinazojifunga zenyewe dereva akichelewa. Jirani yangu anayesafiri peke yake usiku kila wiki nilimshauri anunue jipya. Ila ajue kwamba thamani hushuka kwa kasi kubwa zaidi miaka ile ya mwanzo, na hasara hiyo anaibeba yeye, siyo atakayelinunua baadaye.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni hili. Mwandishi wenu akienda tena kujaribu gari la familia, aende na watu wazima watatu awapange nyuma kwa saa moja, mmoja wao mwenye umri wa mama yangu. Achukue futi. Na akiandika juu ya gari lililotumika, aanze na bahasha ya sevisi kabla ya rangi. Mama amesema yuko tayari kuitwa, mradi aambiwe siku mbili kabla.

Wenu,
Mwalimu wa hisabati na msomaji wenu wa kila wiki