Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024 (Viatu na Mabegi, Kariakoo)

Ndugu wanachama, kaka na dada zangu, mama zetu mliokaa huko nyuma, habari za saa hizi. Barua ya mwaliko ilisema saa nne kamili asubuhi. Saa tano kasoro robo tulikuwa watu 9 humu ndani na wawili kati yao walikuja kuulizia chai. Chama kina wanachama 64, nimehesabu sasa hivi nimepata 27 na hapo nimemuweka na mwenye ukumbi. Haya, tuendelee.

Mambo ya kawaida nayapita haraka maana mnayajua. Kamati imekaa vikao 7 kati ya 12, misiba 3 tumeshiriki, wagonjwa 2 tumewaona, harusi 1 tumechangia, usafi wa mtaa tumefanya. Jengo lilipoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba zilipatikana 310,000 ndani ya siku mbili, kwa hilo nawashukuru sana, siku ile hakuna mtu aliyeuliza risiti. Pia Tigo Pesa imebadilika jina imekuwa Mixx by Yas, wale wazee walionipigia usiku kuniuliza kama hela zao zimeibiwa, hela zipo, ni jina tu.

Ada. Ada ni 5,000 kwa mwezi, kwa mwaka 60,000, watu 64 inatakiwa 3,840,000. Tumekusanya 2,115,000. Waliomaliza ni 23 tu, wengine wamelipa vipande vipande na wengine tangu Januari hawajatoa hata mia. Deni ni 1,725,000. Majina ninayo, siyasomi leo kwa heshima, ila cha ajabu nikipitisha kidole kwenye hiyo orodha nakutana na wale wale wanaoandika meseji ndefu kwenye grupu saa tano usiku kwamba mwenyekiti amekula hela.

Sasa tuje kwenye hilo.

Ni kweli mwezi wa tatu niliidhinisha hela ya mfuko itumike kufungua na kuendesha ukurasa wa chama Instagram na TikTok. Simu 620,000, taa na stendi 85,000, kijana wa kuendesha 120,000 kwa mwezi mara miezi sita ni 720,000, bando 150,000, kubusti matangazo 175,000. Jumla 1,750,000. Risiti zipo kwa mhazini isipokuwa ya taa, taa ilinunuliwa kwa machinga na machinga hatoi risiti, tunajuana. Na kijana ni mtoto wa dada yangu, sijawahi kuficha, nilisema kwenye kikao na walioikosa hiyo taarifa ni kwa sababu hawakuja kwenye kikao. Nilitafuta mwingine akataka 300,000 kwa mwezi. Nani angelipa?

Naomba mnielewe kilichonisukuma. Mimi nimeingia Kariakoo nikiwa kijana, nimelipa kilemba kupata fremu inayotazama mtaa, nikajua nikishakaa mbele basi mteja atapita tu. Siku hizi mteja hapiti. Anashuka kwenye gari akiwa na skrinshoti mkononi, anapita fremu kumi bila kugeuza shingo, anapanda ghorofa ya tatu kwenye kichumba ambacho hakina hata kibao, anachukua pea mbili anaondoka. Aliyeko juu analipa kodi ndogo kuliko mimi na anauza kuliko mimi. Na wengine hata kichumba hawana. Mawinga mnawajua, zamani winga alikuwa anamshika mteja mkono barabarani anamleta dukani kwako anaongeza chake, leo anakuja anapiga picha viatu vyako, anaweka kwenye status na bei yake juu, mteja yuko Mwanza analipa kwa simu, winga ndio anakuja kununua kwako pea moja kwa bei ya jumla na anakuomba umpunguzie. Yaani picha ni za mzigo wako, mteja ni wake. Nikasema tuwe winga wa sisi wenyewe, kosa langu liko wapi hapo?

Matokeo. Ukurasa una wafuasi 4,300. Oda zilizoandikwa kwenye daftari kwa miezi sita ni 212, nyingi za mikoani, mzigo tunaupakia kwenye basi. Ni kweli busti ya kwanza ilikosewa, kijana alichagua nchi nyingi tukawa tunapata laiki za Lubumbashi na Lilongwe na watu wakacheka sana kwenye grupu. Lakini mama mmoja wa Lubumbashi aliona mabegi kule kule, alipokuja Dar kufunga mzigo wake akatutafuta akachukua dazeni nne. Waliocheka hawajalisema hilo. Wawili kati yao ndio walimuuzia.

Sasa katika wanachama 64 waliotuma picha za bidhaa ni 11. Kumi na moja! Mtu hajatuma picha, hajalipa ada, halafu anauliza mbona ukurasa unatangaza maduka ya watu fulani tu. Tutangaze nini, kufuli?

Kingine kilicholeta ugomvi ni bei. Nilisema kila picha iandikwe bei, mkakataa, mkasema jirani ataona atashusha. Nawaelewa, sisi tumezoea bei inategemea aliyesimama mbele yako, amekuja na gari gani, ameuliza kwa haraka au kwa kuzungukazunguka. Kwenye simu humuoni. Unapoandika "bei njoo DM" mtu wa Dodoma anadhani unataka kumpima kwanza, na kweli unataka kumpima, basi anasogeza kidole anaenda kwa mwingine aliyeandika 35,000. Kijana aliweka picha ya raba zile zile mara mbili, ya kwanza bila bei ikapata maswali mengi na oda 1, ya pili yenye bei ikapata maswali machache na oda 9. Mimi sio mtaalamu lakini hesabu hiyo hata mjukuu wangu anaiweza.

Kuhusu mgomo wetu wafanyabiashara wa Kariakoo wa kufunga maduka, ulioanza Jumatatu tarehe 24 Juni, nimeambiwa nimewasaliti kwa sababu ukurasa uliendelea kujibu wateja. Naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba fremu yangu ilifungwa kama zenu. Kijana alijibu meseji za wateja akiwa nyumbani Tandika, akawaambia maduka yamefungwa wasubiri, mizigo ikatoka baada ya watu kufungua. Kujibu meseji sio kufungua duka. Au ndio? Mimi nadhani sio, ingawa nakubali jambo hili ni jipya na wazee wetu hawakutuachia mfano.

Mei tarehe 12 nyaya za baharini zilikatika intaneti ikawa inatambaa, laivu tuliyoandaa ikafa na bando likawa limeshanunuliwa. Hilo nalo mmelihesabu kwangu. Nyaya za baharini jamani!

La mwisho ni ile 42,500. Kuna mtu alifungua ukurasa unaofanana na wetu, jina lile lile limeongezwa kimstari chini, picha zetu zote kazibeba. Dada mmoja wa Mbeya akatuma 85,000 huko, mzigo haukufika, akaja kutulaumu sisi kwenye koment mbele ya watu wote. Nikamrudishia nusu kutoka kwenye mfuko. Sikuitisha kikao, nakiri, ilikuwa usiku na koment zinaongezeka. Yule dada alifuta maneno yake na Desemba ameagiza tena, safari hii alitaka video ya mzigo ukiwa na jina lake kwenye karatasi, tukampa. Kama chama kinaona nilikosea nitailipa mwenyewe, ila kwa awamu.

Mwaka huu Mungu akijalia tunatarajia kumpata kijana mwingine wa kudumu, ambaye sio ndugu yangu ili roho zenu zitulie, tufundishane kupiga picha, tuwe na lipa namba moja ya chama, na ikiwezekana stoo ya pamoja. Vyote hivi vinategemea ada. Tangu mkataba wa mpwa wangu uishe mwezi wa nane ukurasa naendesha mimi mwenyewe usiku, macho yananiuma, silipwi.

Paswedi ninayo mimi na katibu, leo namkabidhi na mhazini. Ukumbi tumelipia mpaka saa saba, sasa hivi ni saa sita na robo, mwenye swali kuhusu simu aulize, simu yenyewe hii hapa mezani.