Bubu si kiziwi: barua kwa mdogo wangu kuhusu bakteria wanaoitana

Marburg, Ujerumani

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na swali lako nimelipenda: bakteria asiye na mdomo wala sikio anajuaje kwamba wenzake nao wana njaa? Nakujibu kwa Myxococcus xanthus, maana kwake jibu limechimbwa hadi kwenye jeni.

Huyu anaishi udongoni, mwembamba kama kijiti, hutambaa kwa makundi akila bakteria wengine. Chakula kikiisha, seli kama 100,000 hukusanyika na kujenga kichuguu kidogo cha manjano. Ndani yake baadhi hugeuka spora za duara zinazovumilia joto na ukame. Nyingi zaidi hupasuka na kufa.

Mwaka 1978 Hagen, Bretscher na Kaiser walieleza mutanti, yaani seli zenye jeni iliyoharibika, ambazo zikiachwa peke yake hazitoi spora, lakini zikichanganywa na seli asilia, zisizo na kasoro, zinatoa. Maana yake zinasikia vizuri. Kilichoharibika ni jeni ya kuita. Shika hilo, kwani ndilo msingi wa kazi yote: mutanti bubu huokolewa na jirani, mutanti kiziwi haokolewi. Aliyepoteza fruA, jeni ya kuitikia mwito, kwa mfano, ni kiziwi. Hata umzungushie seli asilia, hasikii.

Miito hiyo imepewa herufi, A hadi E. Ishara A hutoka mapema, muda wa saa 2 hivi tangu njaa ianze. Vimeng'enya hukata protini nje ya seli, na asidi amino zinazopatikana ndizo ishara yenyewe. Kila seli huchanga kidogo, kwa hiyo wingi wake ni hesabu ya waliopo. Chini ya mikromola 10 hakuna anayeitika.

Ishara C ndiyo inayonivutia zaidi. Jeni csgA hutengeneza protini ya kilodaltoni 25, kimeng'enya PopC huikata, na kipande cha kilodaltoni 17 hubaki juu ya seli. Hakisafiri majini, lazima seli zigusane. Anayeguswa huamsha FruA, protini ya jeni ile ya fruA, na kuongeza csgA yake mwenyewe, basi ishara hupanda kadiri seli zinavyobanana. Ikiwa ndogo huzikusanya, ikipanda sana huzigeuza spora. Ndiyo maana spora hukaa ndani ya kichuguu.

Mwaka 1990 Kim na Kaiser walichukua seli zisizotambaa, ambazo hazitoi spora ingawa csgA yao ni nzima. Walikwaruza uso wa agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kwa msasa laini, vikatokea vifereji vyembamba. Seli zikalala humo zimejipanga kwa urefu, zikagusana, zikatoa spora. Hazikuongezewa jeni yoyote, zilipangwa tu!

Ukipata maabara, fanya hivi. Kuza seli asilia na mutanti ya csgA yenye ukinzani wa kanamisini, dawa ya kuua bakteria, kila moja kwenye supu yake ya CTT, yaani chakula chenye kasitoni, ukitikisa kwa nyuzi 32, hadi seli milioni 500 kwa mililita. Zungusha kwenye sentrifuji, osha mara 2 kwa TPM, maji ya chumvi yasiyo na chakula: Trisi milimola 10 ya pH 7.6, fosfeti ya potasiamu milimola 1, salfeti ya magnesiamu milimola 8. Zitawanye upya ziwe bilioni 5 kwa mililita. Changanya nusu kwa nusu, dondosha mikrolita 20 juu ya agari ya TPM ya asilimia 1.5, na pembeni weka matone ya kila aina peke yake. Baada ya saa 72 kwangua, pasha kwa nyuzi 50 muda wa saa 2, vunja vijiti kwa mawimbi ya sauti, zimua, kisha panda kwenye CTT yenye kanamisini mikrogramu 40 kwa mililita. Kinachoota ni spora za yule bubu.

Vichuguu visipotokea, anza kushuku uoshaji: kasitoni ya supu ikibaki, seli hazioni njaa. Seli zikiwa chache, ishara A haifiki kiwango. Agari yenye majimaji hutawanya tone. Iliyokauka mno huzuia kutambaa. Supu iliyozeeka pia huharibu. Na usiweke kanamisini kwenye agari ya njaa, utawaua waokoaji.

Kuhusu ishara B, D na E, usikariri kana kwamba ni maneno yanayojulikana yote. Jeni ya B ni ya kimeng'enya kinachokata protini, ya D ni ya kuanzisha utengenezaji wa protini. Hizo ni kazi za ndani ya seli, hazituonyeshi ishara yenyewe.

Mwambie Mama kwamba jamaa za bakteria huyu anaweza kuwaona. Chemsheni punje za samadi ya sungura, ziwekeni juu ya udongo mbichi wa shambani kwenye kisahani, funikeni, nyunyizeni maji kidogo zisikauke. Baada ya wiki moja au mbili angalieni kwa lenzi: vidoto vya manjano au rangi ya chungwa juu ya punje ndivyo vichuguu. Ukungu wenye nyuzi si wenyewe.

Shikamoo yangu imfikie Mama na Bibi.

Kaka yako