Kijana huyu aachiwe jezi nambari 15

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo limejadiliwa kwa majuma kadhaa kando ya viwanja vya raga hapa Kakamega, nalo ni nafasi inayomfaa fulbeki mmoja, yaani mchezaji wa nyuma kabisa anayevaa jezi nambari 15, mwenye umri wa miaka 18 ambaye amemaliza Kidato cha Nne na kujiunga na klabu ya watu wazima. Sitamtaja jina, wala klabu yake, kwa sababu bado ni mtoto wa watu na hajaomba kuandikwa gazetini. Wakufunzi wake wapya wanataka kumhamishia pembeni awe winga, wakisema kwamba ana mbio na kwamba jezi nambari 15 ni mzigo mzito mno kwa kijana anayeanza. Nimemfunza kwa miaka mitatu kama mkufunzi wa kujitolea, nami mwenyewe nilicheza nafasi hiyohiyo nilipokuwa na umri wake. Ninawaheshimu wenzangu hao, lakini katika hili naamini wamekosea.

Ni kweli kwamba ana mbio, lakini tukumbuke kwamba mbio hizo tumezipima miongoni mwa wanafunzi. Akianza kucheza Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, atakutana na mawinga waliokomaa katika raga ya wachezaji saba, na hapo mbio zake zitakuwa za kawaida tu. Kipaji chake hasa ni kujua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, na kipaji hicho hakina kazi kubwa pembeni mwa uwanja.

Nitatoa mfano wa jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka jana tulikuwa na mechi ya alasiri, mvua ya huku kwetu ikiwa imekwisha kunyesha na nyasi zimelala. Nambari 9 wa wapinzani aliinama nyuma ya raki, lile rundo la wachezaji wanaogombea mpira ulio chini, akijiandaa kuupiga mpira juu. Kijana wetu alikuwa kama mita 40 kutoka mstari wetu wa goli, nami nilikuwa nimesimama sambamba naye. Hakuutazama mpira, alimtazama yule mpigaji, jinsi alivyoweka mguu wake wa kushoto, na akasogea hatua nne kulia wakati mpira ungali mikononi mwa mpigaji. Ulipofika juu, alikuwa tayari ameshageuza ubavu, akainua goti, akaruka na kuudaka kwa viganja juu ya kichwa cha winga aliyekuja akikimbia, mpira wenyewe ukiwa umejaa matope. Alipotua hakukimbia nao, ingawa jukwaa zima lilimpigia kelele akimbie. Aliona kwamba winga wa upande wa pili amepanda mbele, akaupiga chini upande huo, ukadunda mara mbili na kutoka nje ndani ya mita 22 za wapinzani, yaani eneo la mita 22 kutoka mstari wao wa goli, nasi tukapewa kurusha lainiauti, yaani kuurudisha mpira uwanjani kutoka pembeni.

Wasomaji wasiofuatilia sheria za raga huenda wakashangaa kwamba sisi tulioutoa mpira nje ndio tuliopewa kuurusha. Hiyo ni sheria iliyoanza kujaribiwa duniani kote mwaka 2021 na sasa imekuwa ya kudumu: mchezaji akiupiga mpira akiwa katika nusu yake, nao ukadunda kwanza uwanjani kabla ya kutoka nje ndani ya mita 22 za wapinzani, timu yake ndiyo inayorusha. Sheria hiyo imeibadilisha kazi ya nambari 15 kuliko wengi wanavyokiri. Zamani fulbeki alisimama nyuma peke yake kama kipa wa soka. Siku hizi nyuma hakuwezi kuachwa kwa mtu mmoja. Mawinga hulazimika kurudi na kupanda kwa zamu, kama bembea, na mwenye kuiongoza bembea hiyo ni fulbeki. Tangu mwishoni mwa 2024 waamuzi pia wamekuwa wakali kwa wachezaji wanaomkinga mdakaji njiani, hivyo mpira wa juu sasa unagombewa kwelikweli, na anayejua kuruka na kudaka ana thamani zaidi kuliko alivyokuwa miaka michache iliyopita. Sioni ni kwa nini tumtoe kijana katika nafasi ambayo mchezo wenyewe unazidi kuipa uzito.

Wanaotaka ahamishwe huniambia kwamba hata mafulbeki wakubwa duniani wamewahi kuhamishwa. Ni kweli, na ndiyo sababu inafaa tutazame walihamishwa kwenda wapi na lini. Christian Cullen, fulbeki wa New Zealand aliyefunga trai 46 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) katika mechi 58 za kimataifa, aliwekwa jezi nambari 13, ya mchezaji wa kati, katika Kombe la Dunia la 1999. Timu yake ilishindwa na Ufaransa 43 kwa 31 katika nusu fainali kule Twickenham. Sisemi kwamba walishindwa kwa sababu hiyo peke yake, lakini waliokuwa wakimtazama walijua kwamba hatari yake ilikuwa pale anapoupokea mpira akitokea nyuma, mbele yake pakiwa wazi. Percy Montgomery wa Afrika Kusini alipita njia ya kinyume: alianza katika timu ya taifa mwaka 1997 akiwa mchezaji wa kati, akaja kuwa fulbeki, na katika Kombe la Dunia la 2007 akaongoza kwa pointi 105.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jordie Barrett. Mwaka 2017, akiwa na miaka 20, alianza kama fulbeki wa All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, katika mechi ya tatu dhidi ya British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, akafunga trai, na mechi ikaisha sare ya 15 kwa 15. Alihamishiwa nambari 12, nafasi ya mchezaji wa kati, mwaka 2022, akiwa tayari na miaka mitano ya kusoma mchezo kutoka nyuma. Hebu tazameni pia fainali ya Kombe la Dunia ya 2023, ambayo Afrika Kusini waliishinda New Zealand 12 kwa 11. Jordie alivaa 12. Waliovaa 15 walikuwa kaka yake Beauden upande mmoja na Damian Willemse upande wa pili, na wote wawili ni watu waliokuwa wamewahi kucheza nambari 10, nafasi ya mpangaji wa mashambulizi. Kwa hiyo katika ngazi ya juu kabisa nambari 15 ni ndugu wa karibu wa nambari 10 na 12, kwa sababu watatu hao ndio wanaopokea mpira na kuamua upigwe, utolewe au ukimbizwe. Huyo Willemse, katika robo fainali dhidi ya Ufaransa, alidaka mpira ndani ya mita 22 zake, akaita maki, wito unaompa mdakaji pigo huru, na badala ya kuupiga nje akaomba skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanaposukumana kuugombea mpira, uwanja mzima ukaduwaa. Afrika Kusini walishinda kwa pointi moja, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili mchezaji asiweze tena kuchagua skramu kwa pigo huru.

Iwapo basi kijana wetu atahamishwa siku moja, na ahamishwe kuelekea ndani, kwenye nambari 10 au 12, baada ya misimu michache, na si kutupwa pembeni sasa. Nakubali kwamba wapo wakufunzi wazuri wanaoanza na vijana pembeni ili wasiumizwe na makosa. Tatizo ni kwamba katika klabu zetu nyingi, ambapo mpira hukaa kwa mafowadi, winga anaweza kumaliza kipindi kizima ameugusa mara mbili. Kijana wa miaka 18 hajifunzi kuamua kwa kugusa mpira mara mbili.

Kuna pia mvuto wa raga ya wachezaji saba, na siulaumu. Tangu Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, wawafunge Fiji 30 kwa 7 na kutwaa ubingwa wa Singapore mwaka 2016, kila mzazi huku anajua kwamba mtoto mwenye mbio anaweza kupanda ndege. Lakini hata huko kuna mtu anayebaki nyuma kufagia mipira inayopigwa, na kazi hiyo ni ya fulbeki hata kama jezi haina nambari 15. Darwin Mukidza amevaa jezi ya Simbas, timu ya taifa ya wachezaji 15, na ya Shujaa pia, wala hakuhitaji kuacha ufulbeki ili aitwe huko.

Nisidhaniwe kwamba namwona amekamilika. Mguu wake wa kushoto bado ni dhaifu, na mpinzani hodari atamsukuma upande huo hadi mpira umfie mguuni. Uzito wake ni kilo 76. Akiachwa ana kwa ana na fowadi aliyeshika mwendo, humshika kifuani badala ya kumshika mapajani, naye huburutwa. Kasoro kubwa zaidi ni ukimya wake. Anaona kila kitu lakini hasemi. Mara mbili msimu uliopita winga wetu alichelewa kurudi kwa sababu kijana alidhani mwenzake ameona alichokiona yeye, na mara zote mbili tulifungwa. Kasoro hizi zote hurekebishwa mtu akiwa katika nafasi yenyewe. Hatajifunza kuwaita mawinga warudi akiwa yeye mwenyewe ndiye winga anayesubiri kuitwa.

Kwa sasa tunakutana naye alfajiri mara tatu kwa wiki, kabla umande haujakauka, na anapiga mipira 20 kwa mguu wa kushoto kutoka mstari wa mita 22. Tulipoanza, mitano au sita ilitoka nje mahali alipokusudia. Juma lililopita ilitoka 13. Kwa kila mpigo anatakiwa kupaza sauti kwanza na kusema anakoupeleka, na ingawa mwanzoni aliona haya kupiga kelele uwanjani pasipo na mtu, sasa walinzi wa lango wananiambia wanamsikia hadi barabarani.

Ombi langu kwa wakufunzi wake ni apewe jezi nambari 15 kwa msimu mmoja mzima, hata ikiwa ni katika timu ya pili. Na siku watakapokwenda kumpima, wasikae jukwaani kwenye mstari wa kati, maana hapo mtu huufuata mpira kwa macho. Wasimame nyuma ya milingoti ya goli lake, wamtazame miguu wakati mpira ungali kwa wapinzani.

Mkufunzi wa kujitolea,
Kakamega